Upweke wa uzeeni: idadi ya ndoa au namna zilivyokwisha?

Muulizaji, Wete
Assalaam alaykum. Shangazi yangu ameolewa mara tatu. Waume wawili walimpa talaka na wa tatu alifariki. Anaishi na wajukuu na nyumba haikosi watu, lakini hulalamika kwamba hana wa kuzungumza naye. Jirani yetu aliolewa mara moja, akafiwa na mume mapema, na hana malalamiko hayo. Je, wingi wa ndoa ndio unaomletea mtu upweke anapozeeka?

Jibu la kwanza
Waalaykum salaam, ndugu. Sidhani kwamba ni wingi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, alitenganisha upweke wa kukosa mtu mmoja wa karibu wa kumfungulia moyo na upweke wa kukosa jamaa na marafiki wa kuchanganyika nao. Wajukuu huupunguza huo wa pili, lakini mtoto wa skuli hawezi kuchukua nafasi ya mtu aliyejua ujana wa shangazi yako.

Jibu la pili, Unguja
Naongeza kwamba namna ndoa ilivyokwisha ina uzito mkubwa. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, watu wakamjia, wakamsomea marehemu hitima na kumtaja kwa wema. Mtalaka naye hukaa eda, lakini ni nadra mtu kumpa pole, na pengine huambiwa kwamba hakustahamili, kwa hivyo huzuni yake huzeeka naye bila ya kusemwa. Wanaume nao wamo. Aliyeacha wake bila ya kuwatunza watoto hufika miaka 70, akapokea pensheni jamii ambayo Serikali ya Zanzibar ilianza kuwapa wazee mwaka 2016, na bado akakosa mtoto wa kukaa naye kitako, kwani watoto walikulia upande wa mama.

Jibu la tatu
Muulize shangazi kuhusu mawifi zake wa zamani. Talaka huvunja ndoa, lakini urafiki wa wanawake waliolea watoto pamoja mara nyingi hubaki, na hao ndio wanaoweza kuzungumza naye mambo ya wakati ule bila ya kumhukumu.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Wifi yake wa ndoa ya kwanza yupo Konde, na kila Idi humtumia salamu. Inshallah nitampeleka wiki hii.