Naomba ushauri: kipimo cha jeni ya SOD1 hapa Dar

Habari zenu wakuu. Kaka yangu, tuko Tabata, daktari wa neva kasema ana ALS (ugonjwa unaoua polepole neva zinazoendesha misuli). Mkono wa kulia umekonda, vifungo vya shati vinamshinda, misuli ya bega inachezacheza yenyewe. Marehemu baba alianza hivyohivyo (ukoo ukasema karogwa). Kaka anatumia dawa ya riluzole. Nimesoma kuwa dawa nyingine, tofersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huchomwa kwenye maji ya uti wa mgongo na ni ya wenye hitilafu ya jeni ya SOD1 tu, takriban asilimia 2 ya wagonjwa. Maabara niliyouliza walidhani nataka DNA ya mtoto! Nani hapa Dar anachukua sampuli ya kipimo hicho na kuituma nje? Na sisi ndugu tupime sasa, au tusubiri majibu yake?