Mjadala: Je, kazi za Ludwig Hohlwein zikatwe mwaka 1933?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuzungukana: tuonyeshe kazi zake za kabla ya 1933 tu, au zote? Ludwig Hohlwein, mchora mabango Mjerumani, mzaliwa wa Wiesbaden mwaka 1874, alisomea usanifu majengo kabla ya kugeukia mabango, akajijengea jina Munich. Kabla ya vita vya 1914 alikuwa ameshatangaza nguo, chai, sigara na bustani ya wanyama. Mistari ya kuzungushia umbo hakuihitaji sana: aliweka bapa la rangi, kivuli kizito kando yake, na jicho la mtazamaji likamalizia lililobaki. Hadi leo wabunifu wanajifunza kwake, na wana haki.

Mwaka 1933 akajiunga na chama cha Wanazi. Akawachorea. Ndiye aliyetengeneza bango la Olimpiki ya majira ya baridi ya Garmisch-Partenkirchen, 1936: mwanamichezo mwenye ski, anatazamwa kutoka chini, mkono juu. Watetezi husema ile ni saluti ya Olimpiki. Kwa Ujerumani ya mwaka ule, nani angeuona mkono ule asifikirie saluti ya Wanazi?

Wapo wanaotaka tusifu kazi za kabla ya 1933 na zilizofuata zifungiwe stoo. Napinga kabisa. Mbinu ni ileile. Yule bwana mtanashati wa matangazo ya nguo, kifua mbele, uso nusu gizani, ndiye aliyekuja kuvishwa sare. Ukificha nusu ya pili, kijana anayesomea ubunifu hatajua ustadi ule uliwahi kutumika kwa kazi gani.

Wengine hudai alikuwa mtu wa biashara tu, anamchorea yeyote mwenye fedha, na kwamba enzi zile hapakuwa na njia. Njia ilikuwepo, ila ilikuwa na gharama kubwa. John Heartfield, msanii Mjerumani aliyeunganisha picha kumuumbua Hitler, alikimbilia Prague mwaka huohuo wa 1933 na akaendelea kufanya kazi uhamishoni. Simlaumu kila aliyeshindwa kukimbia. Lakini kubaki ni jambo moja, na kuchukua kadi ya chama na kuutukuza utawala kwa brashi ni jambo lingine.

Kuna mtu tunayemsahau katika ubishi huu: Hans Sachs, daktari wa meno Myahudi wa Berlin. Mwaka 1905 alishiriki kuanzisha chama cha wapenzi wa mabango, kisha likaja jarida lao, Das Plakat, lililoipa fani hii heshima yake. Alikusanya mabango yapatayo 12,500, ya Hohlwein yakiwemo. Mwaka 1938 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakayabeba yote, naye akatupwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen kabla ya kufanikiwa kukimbilia Marekani. Ilifika 2012 ndipo mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani ikaamua kwamba yaliyosalia, zaidi ya 4,000, arudishiwe mwanawe. Utawala uliompa Hohlwein kazi ndio uliompora mtu aliyezitunza kazi zake. Kwangu hilo linatosha kuandikwa kando ya kila bango lake, hata lile la chai.

Wanaotaka mstari uchorwe 1933, nawaomba mjibu: mtamweleza vipi mtazamaji Hohlwein ni nani, bila kumwonyesha bango la Garmisch? Na anayeona kazi zake zote ziondolewe ukutani, naye aje na hoja yake.