Siku moja ya kuangalia treni za mizigo TAZARA, kati ya Igurusi na Mbalizi: nisimame wapi?

Mpenzi_wa_Vichwa
Wakuu, salaam. Nipo Iringa mjini, ambako reli haipo, na nataka siku moja nzima ya kuangalia treni za mizigo upande wa Mbeya. Treni za abiria hapana. Nafuata vichwa (injini za treni) vikiwa kazini na mzigo mzito nyuma. Nina kamera ya lenzi za kubadilisha, simu ya kurekodi sauti na daftari. Naomba mnisaidie haya: nisimame wapi ili nisikie injini ikivuta kweli na si kuteleza tu kwenye tambarare, nitajuaje treni inakuja wakati mizigo haina ratiba ya kubandikwa ukutani, na namba ya kichwa ipigwe vipi isitoke nyeusi. Kama kuna jambo la ruhusa au usalama, lisemwe wazi. Nategemea kuja mwezi wa sita au wa saba.

Mlima_Uyole
Karibu sana, mkuu. Mwezi umechagua vizuri: mvua zimekwisha, nyasi zimeanza kulala na reli inaonekana toka mbali. Ila beba koti zito, Uyole ya Juni si Iringa ya Desemba.

Anza na ramani ya mwinuko kabla ya ramani ya barabara. Reli nzima ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na sehemu yake ya juu kuliko zote iko hapa kwetu Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba treni yoyote inayopita Mbeya, iwe inatoka pwani au Zambia, lazima ipande kuifikia Uyole. Inayotoka Dar huacha uwanda wa Usangu pale Chimala na Igurusi, ikapanda zaidi ya mita 600 kupitia upande wa Inyala. Inayotoka Tunduma hushuka kwanza bonde la Songwe, halafu inaanza kulipa deni lake kuanzia Mbalizi kuja stesheni ya Mbeya pale Iyunga, na kuendelea hadi Uyole.

Sasa tazama mzigo. Kwenda Zambia na Kongo hupanda mbolea, salfa, mafuta na makontena. Kuja Dar hushuka shaba. Kwa hiyo pande zote mbili za mlima zina treni zilizojaa, na hapo ndipo Mbeya inapoizidi Makambako kwa mtu mwenye siku moja tu. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kikali kuliko vyote, kilomita 158 zenye mahandaki 18 na madaraja 46, lakini sehemu kubwa yake huifikii kwa gari, na ukiikosa treni moja umebaki na msitu. Huku kwetu reli na barabara kuu ya TANZAM zinakwenda jirani, unaweza kuhama.

Kuhusu kujua treni inakuja: reli ni ya mstari mmoja tu, kwa hiyo treni hupishana stesheni. Ukikuta treni ya mizigo imesimama kwenye njia ya kupishana, injini inanguruma, dereva na msaidizi wake wako juu na taa ya mbele imewashwa, kaa hapo hapo. Kuna nyingine inakuja upande wa pili. Kama injini imezimwa na wahudumu wako chini wanakunywa chai, usiingoje kwa kamera mkononi. Njia nyingine ni kumwendea stesheni masta, kumsalimia vizuri na kumuuliza kama kuna mzigo umeondoka stesheni ya jirani. Uliza hilo tu. Mtu yuko kazini, na simu yake ni ya kuendesha treni.

Mimi ningekaa Uyole na Inyala kutwa nzima.

Fundi_Dizeli
Nakubaliana na Mlima_Uyole juu ya mwinuko. Naongeza upande wa injini, maana kusikia ni nusu ya starehe yenyewe.

Vichwa vya kwanza vya TAZARA vilikuwa DFH kutoka kiwanda cha Sifang, Qingdao, China. Ni dizeli-haidroliki: nguvu ya injini inapita kwenye mafuta ndani ya gia kabla ya kufika magurudumuni. Kwa milima yetu nguvu yake haikutosha, na miaka ya 1980 zikaja U30C za Krupp wa Ujerumani, zilizojengwa kwa leseni ya General Electric. Hizi ni dizeli-umeme, nguvu farasi takriban 3,000, ekseli sita, na kila ekseli ina mota yake. Baadaye zimeongezwa SDD20 za China, nazo ni dizeli-umeme. Siku hizi kuna pia waendeshaji binafsi wanaoleta vichwa vyao kwenye reli hii, kwa hiyo usishangae ukiona rangi usiyoitegemea. Andika namba na rangi, utambuzi utafanya jioni.

Masikio yako yafuate mambo haya. Mkono wa nguvu wa U30C una hatua nane. Dereva akiongeza hatua moja utasikia injini ikipanda sauti, kisha sekunde chache baadaye filimbi ya tabo (turbo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) nayo inapanda. Katika zile sekunde hutoka moshi mweusi, kwa kuwa dizeli imeongezwa na tabo bado haijaleta hewa ya kutosha. Kule Uyole hewa yenyewe ina mgandamizo pungufu kwa kama moja ya tano kuliko pwani, hivyo moshi wa kupanda hatua huonekana zaidi. Ukikoma baada ya muda mfupi, injini ni nzima. Ukiendelea mweusi mfululizo, hewa haitoshi: chujio limeziba au tabo imechoka. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweupe asubuhi wakati wa kuwasha ni dizeli ambayo haijaungua kwa sababu silinda ni baridi, na hupotea injini ikipata joto.

Treni ikipanda polepole sana, sikiliza kama mlio unaruka ghafla juu na kushuka. Hilo ni gurudumu linateleza. Umande wa alfajiri na ukungu ndio chanzo kikubwa: reli iliyolowa kidogo huteleza kuliko iliyooshwa na mvua kubwa, kwa sababu maji machache huchanganyika na vumbi na mafuta yakawa kama utelezi wa sabuni. Dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu. Mchanga wenyewe ukishika unyevu huganda kwenye bomba na hautoki, na hapo treni inaweza kukwama mlimani.

Kukwama kuna sababu ya pili watu hawaioni. Mota za umeme zikivuta mzigo mzito kwa mwendo mdogo hula mkondo mkubwa, na joto lake linapanda. Zina muda maalumu wa kuvumilia hali hiyo, ukipita zinaungua. Dereva anayesimama mlimani kwa hiari huenda anaokoa mota sita. Akianza tena, ataondoka taratibu mno, kwa sababu mshtuko mmoja mlimani hukata kiungo kati ya mabehewa. Mara nyingine hugawanya treni: anapeleka nusu mpaka stesheni ya mbele, kisha anarudi kuchukua iliyobaki. Ukikuta hivyo una saa kadhaa za kutazama kazi ya reli kwa undani ambao hutaupata siku ya kawaida.

Na upande wa kushuka usiudharau. Treni inayoshuka kuelekea Igurusi hutumia mota zake kama breki: zinageuka kuwa jenereta, umeme wake unachomwa kwenye vipinga vilivyopozwa na feni. Mngurumo wa injini unakuwa mdogo, feni ndiyo inayopiga kelele. Wengi hurekodi kupanda tu na kuikosa sauti hii.

DadaLensi_Mbeya
Kaka Mlima_Uyole, kwa macho yako Uyole kutwa nzima ni sawa, ila kwa picha hapana. Jua ndilo linalopanga siku.

Kati ya Makambako na Mbeya reli inakwenda karibu mashariki-magharibi. Juni na Julai jua letu linapita kaskazini. Mchana kabisa halizidi nyuzi 58 hivi juu ya upeo. Kwa hiyo simama upande wa kaskazini wa reli, jua likiwa mgongoni. Ukija Desemba geuza, maana jua linapita kusini na mchana liko karibu utosini, kivuli cha paa la kichwa kinafunika magurudumu yote.

Kisha angalia uso wa kichwa. Treni inayokwenda Dar inatazama mashariki, asubuhi uso wake umejaa mwanga. Inayokwenda Tunduma inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi uso wake ni kivuli kitupu na alasiri unang'aa. Ukiunganisha hilo na milima aliyoieleza kaka, mpango unajitokeza wenyewe: asubuhi kaa upande wa Mbalizi kungoja mzigo wa shaba unaopanda kuelekea Mbeya, mchana hamia Inyala au Igurusi kungoja mbolea na makontena yanayopanda kuelekea Uyole. Huu mji uko mbali magharibi mwa saa tunayotumia, hivyo Juni jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi, linafika katikati kama saa 6:45 mchana, na kuzama saa 12:35 jioni hivi. Usiondoke Mbalizi kabla ya saa 5. Safari ya kuhamia Igurusi ipangie zaidi ya saa moja, kwa sababu malori ya mizigo kwenye mteremko wa Inyala hayana haraka na wewe usiwe nayo.

Namba kutoka nyeusi: kosa ni taa ya mbele. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe, inaona ile taa, inadhani eneo lote lina mwanga mwingi, inapunguza. Pima mapema kwenye kokoto au majani yaliyo juani, funga kipimo hicho kwa mkono, halafu ngoja. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa treni inasogea mita 11 kila sekunde. Kwa kasi ya kamera ya 1/500 ya sekunde imesogea sentimita 2 hivi, namba iliyo ubavuni itafifia kingo ukiwa umesimama mkabala na ubavu wake. Tumia 1/1000 kwa ubavu. Kwa picha ya pembe, treni ikija upande wako, 1/500 inatosha. Lenga wakati kichwa kiko mbali kidogo na wewe kuliko unavyotamani, maana ukisubiri kijae fremu utakata mkia wote wa mabehewa.

Baridi ya asubuhi inakula chaji. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Sauti: simu nyingi hubana kelele zenyewe, hivyo mlio wa kupanda hatua unasawazishwa na kupotea. Tafuta programu inayozima huo ubanaji, weka kiwango ambacho mngurumo unafika nusu ya kipimo tu, kwa sababu honi itakuja bila taarifa. Kipande cha sifongo juu ya maiki kwa ajili ya upepo wa Uyole ni lazima. Anza kurekodi mapema: asubuhi yenye baridi hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, sauti inapindishwa kurudi ardhini, na treni husikika dakika nyingi kabla haijaonekana.

Mzee_wa_Tuta
Vijana mmeeleza vyema. La ruhusa na usalama nalisema mimi.

Tuta la reli si njia ya miguu, hata kama utawaona watu wanapita na ng'ombe. Kaa nje ya hifadhi ya reli, simama kwenye ardhi ya kijiji au kando ya kivuko, na ukiwa kwenye shamba la mtu omba kwanza. Treni iliyojaa ikishuka mlima inaweza kuhitaji kilomita nzima kusimama. Dereva akikuona amekwisha chelewa. Inayoshuka kwa breki ya mota haina kelele nyingi mbele yake, na ukiwa umevaa visikilizio vya kurekodia ndiyo kabisa. Kamba au mlango unaoning'inia kwenye behewa huchomoza nje, kwa hiyo mita tano toka reli bado ni karibu mno.

Ndani ya stesheni, karakana na yadi usipige picha bila ruhusa ya mkuu wa eneo. Nenda na kitambulisho, eleza unachotaka, na ukikataliwa shukuru uondoke. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usiilete kienyeji. Ukiona reli imeachana, mataruma ya zege yamevunjika au ekseli ya behewa inatoa moshi na harufu ya chuma cha moto, acha kamera na mpigie au mkimbilie stesheni masta wa karibu. Beringi iliyoshika moto hukata ekseli, na behewa moja likianguka mlimani linavuta mengine.

Mpenzi_wa_Vichwa
Asanteni sana, wazee wangu na dada yangu. Ndaga! Mpango wa Mbalizi asubuhi na Igurusi alasiri nimeuchukua kama ulivyo. Mawili yamebaki: nitapimaje mwendo wa treni bila kifaa, na nitajuaje behewa limejaa au ni tupu kama limefunikwa turubai?

Fundi_Dizeli
Mwendo: ukiona nguzo mbili za kilomita, pima sekunde kutoka moja hadi nyingine, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 90 ni kilomita 40 kwa saa. Pasipo nguzo tumia masikio. Reli zilizounganishwa kwa bolti hupiga "ta-ta" kila kiungo. Urefu wa kawaida wa reli za Kichina za wakati ule ni mita 12.5, na hesabu yake ni tamu: idadi ya viungo ambavyo gurudumu moja limepita ndani ya sekunde 45 ndiyo kilomita kwa saa. Hakiki urefu huo kwa jicho ukiwa kwenye kivuko, maana kipande kilichokarabatiwa au kuchomelewa hakitakupa hesabu hiyo.

Behewa lililojaa: tazama springi, si turubai. Springi zilizobanwa zikaacha nafasi ndogo kati ya koili ni mzigo. Tupu hugongagonga na kurukaruka kwenye viungo, lililojaa linapita kwa mlio mzito na mfupi. Hasa shaba usiihukumu kwa ukubwa wa lundo. Tani 45 za shaba zinachukua mita za ujazo 5 tu, kwa hiyo utaona marundo mafupi yamelala sakafuni na behewa linaonekana kama halina kitu, kumbe limefika kikomo cha uzito. Mbolea ya uzito huo huo inajaa hadi juu. Kwenye daftari weka safu ya springi kando ya safu ya aina ya mzigo, na hesabu mabehewa kuanzia nyuma ya kichwa mpaka la mwisho ukitamka kila la kumi kwa sauti kwenye rekodi. Ukipotea katikati utarudia nyumbani kwa kusikiliza.