Naomba ushauri: homa ya dengi imeshuka, mbona daktari ndiyo kwanza ana wasiwasi?

Habari zenu wadau. Niko Kondele, Kisumu. Mdogo wangu alirudi kutoka Mombasa akichemka, macho yanamuuma kwa nyuma. Sisi wa huku, homa ni malaria tu. Kipimo kikatoka hasi. Cha pili kikasema dengi.

Leo siku ya tano. Homa imeshuka, mama ameshaanza kushukuru Mungu, kumbe daktari alituonya kipindi hiki hasa. Alisema kirusi hutoa protini iitwayo NS1, inayochubua utando laini wa seli za ndani ya mishipa ya damu. Kinga ya mwili nayo humwaga kemikali za uvimbe, seli zinaachana, maji ya damu yanavujia tumboni na kifuani, damu inabaki nzito. Alinichorea nyuma ya bahasha ya dawa. Aspirini na ibuprofeni akakataza kabisa.

Asubuhi hii fizi zimetoa damu na tumbo linamkaza, kwa hiyo tunarudi hospitalini sasa hivi. Mliouguza dengi, hasa wa Pwani: mlilazwa siku ngapi, na damu ilipimwa kila baada ya muda gani? Na huyu mbu wake anauma mchana, sasa wodini alale ndani ya neti hata saa nane?