Miaka 15 angani wanaijaribu vipi kwa wiki chache?

Mwalimu wa Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha sita. Leo mwanafunzi kaja na kioo cha taa ya bajaji, ile plastiki, jua la Dar limeifanya njano na ukungu. Akauliza: "Hii imechoka na anga linatukinga. Satelaiti inakaaje huko miaka 15, na aliyeitengeneza anajuaje kabla ya kuirusha?" Nimemwahidi jibu Jumatatu.

Binti Kigamboni:
Wanapiga sampuli za vifaa vyake kwa protoni na elektroni kutoka kwenye mashine za kuharakisha chembe, na taa ya zenoni inatoa miale ya urujuanimno. Kipimo cha miaka kinatolewa kwa wiki chache.

Fundi Maabara:
Ni kweli, lakini ugumu uko kwenye hizo wiki chache. Ukipiga kwa kasi sana, sampuli inapata moto, nawe unadhani mionzi ndiyo imeiharibu.

Mwalimu, nilifanya kazi hiyo nje ya nchi miaka miwili, kwenye rangi nyeupe inayokinga satelaiti na joto la jua. Ndani ya chumba cha ombwe ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Tukafungua vali, hewa ikaingia. Tulipoifikisha mezani kuipima, weupe ulikuwa umeanza kurudi! Oksijeni ilikuwa inafuta kovu, na angani hewa ya namna hiyo haipo. Tungeandika kwamba rangi ni nzuri, tungempa mtu satelaiti ya kuungua. Tulirudia kazi yote, safari hii tukipima kupitia dirisha la kioo cha quartz, pampu ikinguruma.

Kwa plastiki nyingi mambo ni kinyume: oksijeni ikishirikiana na mionzi ndiyo inayoitafuna. Ile taa ya bajaji imeliwa na jua na hewa pamoja.

Mwalimu wa Mbagala:
Shikamoo mzee. Sasa maabara yenyewe inaaminiwa vipi?

Fundi Maabara:
Marahaba. Kwa kulinganisha na vilivyorudi. Mwaka 1984 Marekani iliacha angani chombo cha LDEF, kimejaa vipande vya plastiki, rangi, vioo na metali. Kilikusudiwa kukaa kama mwaka mmoja tu, kikachukuliwa Januari 1990. Vipande vile vilisahihisha maabara nyingi.

Wanafunzi wako wakate plastiki moja vipande viwili: kimoja juu ya bati, kingine kabatini mpaka likizo. Wapime saa ileile wanapokishusha, na saa hiyo waiandike.