Mjadala: Hela ya afya ya akili ya watoto isomeshe wataalamu wachache, au tuendelee na semina za wiki mbili?

Mnyalukolo (mleta mada)
Kamwene wadau. Nauliza hivi: ikipatikana hela kwa ajili ya afya ya akili ya watoto huku Nyanda za Juu Kusini, isomeshe watu wachache tiba ya saikodainamiki, au itawanywe kwenye semina za unasihi kwa walimu na manesi?

Kwa asiyeifahamu, tiba hii inachukulia kwamba tabia ya mtoto ina maana ambayo mwenyewe hawezi kuitamka, ila anaitoa kwenye mchezo. Melanie Klein, mtaalamu wa tiba ya watoto, alianza kufanya hivyo huko Berlin miaka ya 1920, kila mtoto akiwa na droo yake ya vichezeo vidogovidogo. Siku ileile, saa ileile, mtaalamu anaangalia na kuongea naye kuhusu anachokicheza.

Mimi nasema wasomeshwe wachache. Kuna mtoto wa darasa la tatu (mambo yake nimeyabadilisha asitambulike) alikuwa hatoki nje wakati wa mapumziko. Kaadhibiwa, kashauriwa, kaombewa. Baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba mama yake alipofariki yeye aliambiwa "mama kasafiri", na basi la Makambako hupita pale barabarani muda huohuo. Mtu wa semina atamuuliza, "Una tatizo gani?" Atajibiwa, "Sina." Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa. Hao "mama kasafiri" mnadhani wako wangapi madarasani?

Kijana wa Mwanjelwa
Mkuu, umeongea vizuri ila umekwepa gharama. Pale Tavistock, kliniki ya London inayofundisha tiba hii, mafunzo haya ni miaka minne, na mwanafunzi mwenyewe anatakiwa awe anapata tiba hiyohiyo mara kadhaa kwa wiki. Mbeya hii nani atamtibu?

Halafu Uingereza kwenyewe walishapima. Matokeo yalitoka 2017: vijana 465 wenye sonona, wengine wakapewa tiba hii kwa kifupi, wengine ya kurekebisha fikra na tabia, wengine huduma fupi ya kisaikolojia na kijamii. Hakuna iliyoizidi nyingine. Sasa tung'ang'anie ya gharama kwa lipi? Zimbabwe tangu 2006 wana bibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hao hawakusoma miaka minne.

Nesi Asiyelala
Mnabishana nadharia wakati mimi chumba cha kuongea na mtoto ndicho hichohicho cha kuhifadhia makadi ya kliniki. Binti wa kidato cha pili anaanza kulia, mtu anasukuma mlango: "Samahani sista, nachukua faili." Anafunga. Binti kashapangusa machozi, anasema yuko sawa. Nipeni kwanza komeo.

Mnyalukolo
Komeo naunga mkono, na ni la bei ya soda mbili.

Kijana, utafiti huo naujua. Ila waliotoa hiyo huduma fupi walikuwa wataalamu wa kliniki za vijana, wenye miongozo na wasimamizi. Haukupima watu wa semina. Na bibi wa Harare walianza na watu wazima, ambao wanaweza kueleza shida zao. Wangu yule wa darasa la tatu ana miaka tisa.

Sisemi tunakili London nzima. Kuna kipande cha mafunzo yao hakidai hela nyingi: mtaalamu wa hapo Tavistock, Esther Bick, alikianzisha 1948. Mwanafunzi anatembelea familia yenye mtoto mchanga saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Anaangalia tu. Haandiki akiwa pale, anaandika akirudi, kisha kundi dogo linajadili alichokiona na kilichomgusa yeye mwenyewe. Ndipo mtu anapojifunza kutulia na mtoto bila kukimbilia kumshauri. Hilo Iringa linashindikana nini?

Mama Tukuyu
Ndaga, mwanangu. Nikuambie linaposhindikania. Nimejifungua, anakuja mgeni, anakaa kimya saa nzima anamtazama mwanangu, hambebi, hashiki hata ufagio? Mama mkwe atasema ni kijicho, na wiki ya pili mlango hafunguliwi. Mpeni ndizi amenye huku anaangalia, hapo tutaelewana. Macho hayazuiwi na kisu.

Mnyalukolo
Shikamoo mama. Hapo London wangesema ukimenya ndizi umeshaingilia. Mimi naona kwetu anayekaa bure ndiye anayeingilia zaidi. Amenye.

Kijana wa Mwanjelwa
Kwenye kundi la kila wiki nimekuelewa, maana semina zetu zinakosa hichohicho: unapewa cheti na posho, na hakuna anayekuuliza tena umefanya nini na mtoto gani. Kwenye tiba binafsi ya mwanafunzi bado sijashawishika. Mkiiondoa, wenyewe watasema hayo si mafunzo yao; mkiiacha, hakuna wa kuitoa.

Na mmesahau lugha. Mtoto wa Ileje akishtuka usiku anamwita bibi yake kwa Kindali. Mkichagua hao wachache kwa vyeti tu, mtaleta watu wa Dar ambao mtoto ataongea nao Kiswahili cha darasani, kile cha kumjibu mwalimu. Mnyalukolo, orodha yako itaanzia wapi?