Naomba ushauri: kondoo wangu meno yanaisha mapema

Wadau habarini, naombeni mawazo maana nimekwama. Nafuga kondoo 40 na mbuzi 15 huku Longido, kiangazi hiki vumbi ni balaa, nyasi zimebaki fupi mno na kondoo wanang'oa na mchanga humo humo. Sasa majike wangu wa miaka minne, yaani ndo kwanza wametimiza meno manane, yameshalika hadi karibu na ufizi na wanakonda huku chakula kipo. Mbuzi wako freshi tu, ila wao wanakula majani ya migunga huko juu.

Nimejaribu kukung'uta hei na kuiweka kwenye hori badala ya chini, nikaongeza jiwe la chumvi, sijaona tofauti. Mtaalamu mmoja kaniambia mate yana protini zinazolipaka jino utando, na nyingine zinashika tanini, yaani ile kemikali ya ukakasi kwenye majani.

Swali langu, huo utando unaweza kweli kulikinga jino na mchanga pamoja na ile silika (silica, vichembe vigumu kama kioo) ya kwenye nyasi, au unasaidia kwenye asidi tu? Na hawa walioisha meno niwape nini laini wafike masika? Kuwauza roho inaniuma, ndo wanaonizalia vizuri.